Jiko Halipigwi Picha

Nilisema mapema, na mashahidi ninao: jiko halipigwi picha. Piga picha kuku, piga picha mbuzi, jipige wewe mwenyewe mpaka uchoke, lakini jiko la mwanamke liache humo humo ndani. Nani alinisikiliza? Hakuna. Nikaambiwa nina mambo ya kizamani. Mimi, Tabitha, niliyemaliza darasa la saba! Na aliyeniambia hivyo ni bibi kizee asiyejua hata herufi moja.

Bibi huyo ni Mokami, na ndiye aliyenioa. Msishtuke bado, akiba ya kushtuka mtaihitaji mbele. Huku kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili nyumba yake isizimike. Tunaita nyumba ntobhu. Mume wake, mzee Mniko, alikuwa amekwisha kufa Mokami aliponileta hapa Nyansurura. Mimi namwita Mama, watoto niliozaa wanaitwa kwa jina la mzee Mniko, na mji huu na shamba lake ni urithi wao. Mtu mmoja tu hajawahi kukubali jambo hilo moyoni. Ni mzee Waitara, mdogo wa marehemu. Kila akija hapa macho yake yanapima mipaka.

Sasa mwalimu Samira akaletwa kwetu kutoka Mugumu. Baba yake ni fundi cherehani, mzee Abdillah, na binti ana adabu, sina ubaya naye. Alikuja na kompyuta, na sahani ya kunasa mtandao wakaifunga juu ya bati la ofisi ya kata, na simu za kupangusa za kugawia kikundi chetu cha akina mama. Alituambia dunia ina watu wa aina mbili. Kuna wanaopata habari zikiwa mbichi, na kuna wanaoletewa zikiwa zimechacha, na sisi tumekula zilizochacha vya kutosha. Darasa kama letu lilikuwepo pia Nkende, pale Tarime mjini, ambako mama yangu mzazi, Regina, anaishi. Wote tukaingizwa kwenye grupu moja la mtandaoni la kuuzia bidhaa zetu.

Jamani, Mokami na simu! Kusoma hajui, lakini alipoonyeshwa kwamba ukibonyeza pale ukaongea sauti yako inafika Tarime, alishika mdomo akatuangalia mmoja mmoja, akadhani tunamtania. Mama yangu alipomjibu kwa sauti yake mwenyewe, bibi wa watu akalia. Wakwe wale walikuwa hawajaonana tangu siku ya ng'ombe wa mahari yangu. Kuanzia hapo ikawa voisi asubuhi, voisi mchana. Ng'ombe amekohoa, voisi. Mvua imepita upande wa pili, voisi. Mimi nachota maji peke yangu, yeye yuko kwenye kigoda anacheka na mkwe wake.

Mama Mokami anatengeneza vibuyu vya maziwa, na hapa kata nzima hakuna anayemfikia. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni. Unakisugua ndani kwa kijinga cha moto cha mti maalumu mpaka kinanukia moshi, na moshi huo ndio unaoyatunza maziwa. Mteja mmoja wa Mwanza akauliza kwenye grupu kama kweli vimefukizwa au ni mapambo tu. Mama akakasirika. Mapambo! Akasema tupige picha kibuyu kikiwa jikoni kwenye moto wake, huyo mtu aone.

"Mama, jiko halipigwi picha," nikamwambia. "Mgeni haoneshwi mafiga ya mwanamke."

"Tabitha, acha mambo ya kizamani," akajibu.

Lazima niwaeleze kuhusu mafiga, maana bila hayo hamtaelewa kitu. Katika ukoo huu jiko lina mafiga matatu. Mawili yanatoka kwa mume, la tatu bibi harusi analeta kutoka kwa mama yake, ili moto uwe wa pande zote mbili. Mokami aliponioa, aling'oa la kwake la tatu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia weka lako hapo, mwanangu, tupike pamoja. Figa langu nilipewa na mama yangu siku niliyotoka kwetu Nkende. Lilikuwa jiwe jeupe, zito. Baada ya hapo figa haling'olewi tena. Likishang'olewa na mwingine, maana yake mwenye jiko amekufa.

Basi, wakapiga picha. Kibuyu kimeegemea figa langu jeupe, jua limeingia mlangoni vizuri, na moto miaka yote ile ulikuwa umelibandua jiwe ganda upande mmoja. Mwalimu Samira akamwonyesha Mama namna ya kuweka lokesheni, ili mteja wa mbali asipotee njia. Mama akabonyeza mwenyewe. Na wateja wa mbali kweli hawakupotea.

Ilikuwa wakati wa rashi, ile mbio ya watu kukimbilia madini. Kila kilima cha Tarime na Serengeti kilikuwa kinadonolewa, watu wameacha majembe shambani wameshika sululu, walimu wanaomba ruhusa ya ugonjwa wanaonekana mashimoni. Ukisikia fulani kaokota kitu mahali fulani, kesho yake mahali hapo panakuwa na mahema, mama lishe na vinyozi. Nilijua hayo yote. Sikujua tu kwamba yanaweza kuingia uani kwangu.

Asubuhi nakamua ng'ombe, nasikia pikipiki. Nikasema labda kuna msiba. Pikipiki zinaongezeka. Natoka na ndoo yangu ya maziwa, naangalia barabarani, Mungu wangu! Watu! Wamepakiana kwenye pikipiki, wengine wanakimbia kwa miguu, wana sululu, nyundo, nondo, kamba, mmoja ana kitanda kichwani. Wanakuja wote kwangu! Mdomo wangu ulifunguka ukakataa kufunga. Ndoo ilinitoka mkononi, maziwa yote yakaenda chini, na wala sikuyaangalia.

Wa kwanza kufika alikuwa jamaa mrefu anaitwa Mseti, kiongozi wao. Akaenda moja kwa moja kwa Mokami, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Mmekuja kununua vibuyu?"

Maskini Mama. Alikuwa ameshaanza kufuta viti.

Mseti akamwonyesha simu yake. Picha ni ile ile, kibuyu ni kile kile, lakini mtu alikuwa ameikuza mpaka kibuyu kikatoka nje, likabaki figa peke yake. Pale lilipobanduka ganda palipita uzi wa njano. Uzi mwembamba, unang'aa. Nimepika juu ya jiwe lile tangu siku nilipoletwa, nikalilalamikia kwamba linakaa upande, nikaliparua masizi kwa ganda la muhindi.

"Hiyo ni dhahabu, bibi," Mseti akasema. "Jiwe la namna hii haliko peke yake. Lina ndugu zake chini. Tuambie lilichimbwa wapi, tusikuharibie mji."

Lakini hata kabla hajamaliza, wenzake walikuwa wanapigilia vigingi. Kigingi kwenye bustani ya mchicha, kigingi mlangoni kwa mbuzi. Nyuma ya jiko walishaanza kuchimba, udongo unaruka. Mimi nikaingia ndani nikachukua mwiko. Niliyemkuta njiani nilimpiga. Kuna mmoja alikuwa anarekodi laivu na simu, anawatangazia watu wake, "Ndugu zangu tuko Nyansurura, mambo ni moto!" Huyo nilimpiga mara mbili.

"Nani mwenye ardhi hapa?" Mseti akauliza, maana wachimbaji nao wana sheria yao, mwenye ardhi hupewa fungu lake la mifuko ya mawe.

"Mimi," ikajibu sauti nyuma yetu.

Alikuwa mzee Waitara, na koti la sikukuu. Alilivaa saa ngapi? Nikawaza, usiyempenda kaja.

"Hii ni ardhi ya kaka yangu," akasema. "Hawa ni wanawake wawili tu wanakaa. Chimbeni, vijana. Nyumba ikianguka tutajenga nyingine."

Nikamwambia, "Mzee, nyumba hii ina mwenyewe, na wajukuu wa kaka yako wamelala humo humo jana!" Akanipita kana kwamba mimi ni kigoda. Nyuma ya jiko ukuta ukalia, ufa ukapanda kutoka chini mpaka kwenye bati. Watoto wangu wakaanza kupiga mayowe.

Mwalimu Samira alifika akikimbia, ushungi umemlegea, uso umempauka. Alikuwa ameona laivu ile kule ofisini, imesambaa mpaka kwenye grupu letu. "Bibi, nisamehe," akawa anasema tu, "Bibi, nisamehe." Mama Mokami akamwambia akae pembeni, atakanyagwa.

"Bibi," Mseti akarudia, na sasa uvumilivu ulikuwa unamwisha, "vijana wangu wanachimba kama vipofu. Sema neno moja tu. Jiwe limetoka wapi? Likiwa limetoka kwingine, tunahama sasa hivi, nyumba yako inabaki."

Neno moja, basi, na mji unapona. Mama Mokami akaniangalia, nami nikamwangalia. Sote wawili tulijua jiwe lile limetoka Nkende, kwa mama yangu. Mama yangu ni mjane, ana kiwanja kidogo katikati ya nyumba za watu, na chumba na sebule basi. Mokami akisema Nkende, pikipiki zile zote zitakuwa uani kwa mama yangu kabla jua halijafika utosini. Asiposema, ukuta unaanguka hapa.

Mokami akafunga mdomo. Aliingia jikoni, akakaa chini, akakunja miguu kuzunguka moto wake, akatulia. Mji wake wote ulikuwa unabomoka kwa ajili ya mwanamke anayesalimiana naye kwenye simu tu. Na mimi je? Mimi nilisimama na mwiko wangu, sina wa kumpiga. Nikisema, nimemuua mama. Nisiposema, nimemuua Mama. Haki ya Mungu, sijawahi kuchukia kuzaliwa kama saa ile.

"Ng'oeni figa hilo," mzee Waitara akaamuru. "Dhahabu iko chini yake."

Hakuna aliyesogea. Wengi wa vijana wale ni Wakurya, na walilelewa na mama zao. Mseti akatikisa kichwa. "Mzee, huyu bibi yuko hai. Nitachimba ukuta wake, lakini hilo silifanyi."

"Waoga!" Waitara akasema, akaingia mwenyewe, akainama, akalikumbatia figa kwa mikono miwili.

Jamani, tulikuwa tumechemsha uji, figa lenyewe bado ni la moto! Alipiga yowe lililosikika mpaka kwa jirani. Wachimbaji wakacheka, hata mimi katika machozi yangu nikatoa kicheko kimoja kibaya. Lakini aibu ilimpandisha wazimu. Akatoka akampora mtu sululu, akarudi, akainyanyua juu ya jiko, juu ya miguu ya Mokami. Mokami hakuiondoa miguu.

Hapo simu yake ikalia kiunoni, ting! Na Mokami ni Mokami. Voisi haimpiti. Sululu iko hewani na yeye anachomoa simu kwenye kanga, anabonyeza. Sauti ya mama yangu ikajaa jikoni.

"Mkwe wangu Mokami, nimewaona kwenye hiyo video. Nimeona umenyamaza, na najua umemnyamazia nani. Asante, dada yangu. Sasa niache niseme mimi. Nyie vijana mnaorekodi, rekodini vizuri. Jiwe hilo ni langu. Halikutoka hapo, na halikutoka hapa Nkende. Limetoka Nyakebago, kilimani, kwenye mji wetu wa zamani. Lilikuwa figa la jiko langu. Siku tunahama nililing'oa mwenyewe bila kumwambia mtu, nikalisugua masizi, nikaja nalo. Nendeni mkachimbe Nyakebago, kama watawafungulia geti."

Sululu ya Waitara ikashuka yenyewe polepole.

"Nyakebago?" mtu mmoja akasema. "Si pale ndani ya uzio wa mgodi?"

"Ndipo pale," Mseti akajibu. Akakaa juu ya kinu changu, akavua kofia. "Nimewahi kubeba mawe pale. Shimo lake ukisimama juu, gari kubwa chini linaonekana kama kiberiti. Kumbe palikuwa na mji wa watu."

Mimi nilishikilia mlango. Nyakebago ndiko nilikozaliwa. Mtu mmoja alikuja na gari na kompyuta, akamwambia baba anahitaji kieneo cha kuegeshea magari tu, madini yenyewe yako upande wa pili wa kilima. Ndivyo alivyosema, upande wa pili. Akafungua kompyuta akamwonyesha baba rangi rangi, baba akaitikia kwa kichwa kama msomi, akaweka dole gumba. Aliuza kwa bei ya njia ya magari. Tukahamia Nkende, na miezi michache baadaye mimi nikaolewa. Nilijua kuna machimbo huko kilimani. Lakini miaka yote hiyo nilijua yako upande wa pili!

Wachimbaji waliondoka haraka kuliko walivyokuja, maana rashi haipendi mahali palipokwisha kuchukuliwa na wenye mageti. Yule wa kitanda alisahau mto wake. Mseti alibaki kidogo, akasema, "Bibi, tusamehe," akaondoka bila kuvaa kofia. Mzee Waitara alikuwa bado amesimama na sululu ya watu na malengelenge mikononi.

"Shemeji," Mama Mokami akamwambia kutoka jikoni, "kwa kuwa sululu unayo, lile shimo la nyuma ya jiko lifukie kabla ya mvua."

Na alilifukia.

Mimi nikamwambia mwalimu Samira, "Nionyeshe." Akajua ninachotaka, akasita, nikamwambia tena kwa ukali, nionyeshe. Akafungua ramani ile inayoonekana kutoka juu, kama mtu anaangalia akiwa angani. Akaandika jina, akakuza, akakuza. Nikaona barabara ninayoifahamu, ile tuliyopita kwenda kisimani. Nikaifuata kwa kidole. Hapa kona, hapa kwa jirani zetu akina Kornelio, hapa inapanda, na hapa... Hapa palikuwa na shimo. Si upande wa pili. Si karibu. Shimo lenyewe, jeupe, la mviringo, lenye ngazi ngazi mpaka chini, na njia yetu inafika ukingoni inakatika. Zizi hakuna. Kilima chenyewe hakuna. Kaburi la bibi yangu lilikuwa nyuma ya zizi. Nilitoa sauti ambayo sikuijua.

Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia? Hapana, afadhali hata hiyo. Sisi ndio tuliomuuza mbuzi wetu, na aliyekuwa anajua kilichomo guniani ni mnunuzi.

Nikachukua simu ya Mokami, nikabonyeza voisi kwa mama yangu. "Mama, ulijua?"

Mokami akawa anachochea moto, haniangalii, ananiachia nafasi.

"Nilijua, mwanangu. Baba yako hakujua. Alikufa anaamini aliuza vizuri, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo. Sikutaka aibu hii ikufuate kwenye ndoa yako. Leo nimeisema mbele ya watu kwa sababu nimeona mkwe wangu anabomolewa mji kwa ajili yangu."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu somo la kwanza hapa Nkende. Mwalimu alitufungulia ramani, akasema kila mama atafute nyumbani kwake. Wenzangu wakapiga vigelegele wameona mabati yao. Mimi nikatafuta kule. Nikamwambia mwalimu simu yangu haifunguki."

Nilibonyeza ili nimjibu. Nikashikilia, nikashikilia, neno halikuja. Mama Mokami akaweka chungu cha ugali juu ya mafiga matatu, kuni zikalia, figa langu jeupe likaalika, ta! kama linavyofanya siku zote likipata moto. Kidole changu kikachoka kikaachia, voisi ikaondoka hivyo hivyo, haina mtu ndani yake.

Mama yangu akaisikiliza yote. Kisha akajibu.

"Asante, Tabitha. Nimelisikia jiko langu."